Chandarua cha Mistari Myeusi

Makambako,
3 Februari 2025

Mwalimu wangu Hulda,

Shikamoo. Bahasha hii nimempa kondakta wa Coaster ya saa tano, na nimemwambia akuletee mkononi, asiitupe stendi.

Nieleze kwanza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati sote tuna simu. Ulivyokuja Ijumaa uliniambia kwamba maandishi yakipanda kwenye kioo cha simu, tumbo nalo linapanda. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba kabla hujaja nilikupigia mara nne kukuuliza unaendeleaje, na mara zote nne ulijibu, "Vizuri tu, tunamshukuru Mungu." Halafu ukaingia chumbani kwangu hospitalini umeshika ukuta kwa mikono miwili. Sisi watu wa huku tukiulizwa hali tunasema nzuri hata kama paa linawaka moto. Kwenye barua hakuna anayekuuliza hujambo, kwa hiyo naomba uandike ukweli.

Ugonjwa wako sasa. Presha ni nzuri, masikio ni mazima, na picha ya kichwa uliyopigwa hospitali ya Ikonda haina kasoro. Huna wazimu wala hukulogwa. Desemba ya mwaka juzi mlirudi na kwaya kutoka Dar kwa treni. Mchana kutwa na usiku kucha behewa lilikuyumbisha, na ubongo ukajifunza kuyumba nalo ili usianguke. Mliposhuka hapa Makambako, wenzako walilala usiku mmoja ubongo wao ukasahau. Wako umekataa kusahau. Miezi kumi na minne sasa unapanda treni ukiwa umesimama jikoni kwako.

Vidonge vya kuondoa hali hiyo sina. Nina mazoezi, na mazoezi haya hayafanani kwa watu wote. Mmoja anayumba haraka, mwingine polepole. Mmoja anavutwa kushoto, mwingine kulia. Nikikupa ya mwenzako naweza kukuongezea. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa siku tatu, simama miguu pamoja, uhesabu unayumba mara ngapi kwa dakika moja. Halafu fumba macho, piga hatua hamsini papo hapo, ufumbue uone umegeukia upande gani. Baba Remmy awe karibu akudake.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Konsolata


Mtaa wa Ramadhani, Njombe,
8 Februari 2025

Konsolata mwanangu,

Marahaba. Na kwa Kibena chetu, kamwene. Barua imefika, na mwandiko wako ni ule ule wa darasa la tano, herufi zinakimbizana kama zimesikia kengele. Nimekupa sita juu ya kumi, na hizo sita ni kwa sababu umenihurumia tumbo.

Umetaka ukweli. Haya, kaa chini.

Watu wanasema nakunywa ulanzi. Mtu mzima anayepepesuka saa mbili asubuhi, tena msimu huu ambao kila mwanzi unagemwa, utamwambia nini? Mzee Obed, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alilisema kwenye kikao, watu kumi na wawili wakimsikiliza: "Mwalimu asituletee harufu ya ulanzi kwenye kwaya." Mimi ulanzi sijauonja tangu kipaimara. Wakaamua nipumzike, kijana wetu wa kwaya, Timoth, aongoze mazoezi. Tarehe 27 Julai kwaya yetu inatimiza miaka hamsini, na kutakuwa na Jubilei. Nikiweza kusimama siku hiyo, kwaya inarudi kwangu. Nisiposimama, ni ya Timoth moja kwa moja, na ulanzi utabaki kwenye jina langu mpaka nizikwe nao.

Kwaya ile nimeiongoza miaka ishirini na miwili. Sina mtoto mwingine baada ya Remmy, unajua. Ile ndiyo mtoto wangu wa pili.

Vipimo vyako hivi hapa. Siku ya kwanza nimeyumba mara kumi na sita. Siku ya pili kumi na sita. Siku ya tatu kumi na sita. Mwili unaumwa lakini nidhamu haujaiacha. Hatua hamsini nimezipiga, na kila nikifumbua macho nimegeukia kushoto, natazama kabati badala ya mlango.

Mwalimu wako,
Hulda


Makambako,
3 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Tangu uondoke Ijumaa sijatulia, nataka kujua.

Najua ulicheka Jumatatu ulipoingia ukakuta chandarua cha duara kinaning'inia darini, nimekishonea vitambaa vyeusi kutoka juu mpaka chini. Wakubwa wa kazi hii wana mashine za taa kwa ajili hiyo, mimi nina chandarua na Jasmine wetu wa usafi, aliyekuzungushia mpaka mkono ukamfa ganzi. Kazi ni ile ile. Wewe ukae ndani, macho yafuate mistari inayokwenda kulia, kwa sababu wewe unavutwa kushoto, na wakati huo huo mimi nikiinamishe kichwa chako bega hadi bega kwa mwendo ule ule wa kuyumba kwako. Mara kumi na sita kwa dakika, kama ulivyonipa. Nilifuata mshale wa saa, maana kwa mapigo mimi siaminiki, wewe unajua kuliko mtu yeyote.

Siku tano umekuja asubuhi na kurudi Njombe jioni. Ijumaa ulisema umepata nafuu. Niambie kama nafuu hiyo imelala nyumbani kwako au imeishia njiani.

Konsolata


Ramadhani, Njombe,
10 Machi 2025

Konsolata mwanangu,

Marahaba. Naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Chandarua chako kimefanya kazi. Parachichi zimebeba mwaka huu, Baba Remmy anakusalimu. Usijisumbue kuja wala kuniandikia mara kwa mara, una wagonjwa wengi.

Hulda


Ramadhani, Njombe,
15 Aprili 2025

Kwa Daktari Konsolata,

Mimi ni Anania, Baba Remmy, mume wa Mwalimu Hulda. Samahani kwa mwandiko, mimi ni mtu wa jembe na mbao. Mwenyewe hajui kama nimekuandikia, nakuomba usinitaje.

Mke wangu hajapona. Jumapili ya Matawi alisema atasimama na kwaya hata kwa wimbo mmoja. Alipopanda ngazi ya madhabahuni akayumba, akashika nguo ya meza ikashuka na maua yote. Nyuma huko mtu akacheka. Tangu siku hiyo hataki kutoka nje, na kuonana na wewe ndiyo hataki kabisa. Anasema, "Yule mtoto amejitahidi sana, nitamwambiaje kwamba ameshindwa?"

Kuna jambo jingine. Mwezi wote wa tatu alikuwa anapanda Coaster kuja huko Makambako mara tatu kwa wiki. Nilidhani anakuja kwako. Siku moja nikamfuata. Akashuka stendi, akanunua mahindi ya kuchoma, akapanda gari lile lile kurudi. Nilipombana akalia. Akaniambia ndani ya gari linalokwenda ndipo dunia inatulia, anajisikia mzima kama zamani. Akishuka tu, inaanza tena, na inakuja kwa nguvu zaidi.

Mimi nilikuwa naye asubuhi zile alipojihesabu. Alisimama vizuri, hakudanganya. Ila alikuwa anaimba kwa ndani, mdomo umefumbwa, wimbo wa Jubilei, na kidole gumba cha mguu kinapiga chini. Ndivyo alivyo. Hata viazi anavimenya kwa mapigo. Sijui kama hilo lina maana yoyote kwako.

Nisaidie. Nyumba imekuwa kimya, mimi sijazoea nyumba kimya.

Anania


Makambako,
17 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Leo Alhamisi Kuu sisi Wakatoliki tuna misa, nilipaswa kuwa kanisani, lakini nimekaa na daftari lako mbele yangu na najiona mjinga.

Nimejua kwamba hujapona. Usiulize nimejuaje. Makambako ni njia panda, habari zote za mkoa zinapita hapa. Nimejua pia kuhusu Coaster na mahindi ya kuchoma. Sikulaumu. Wengi wenye ugonjwa huu gari linawatuliza, na wewe hukuijua hila yake, kwamba kila safari inaukumbusha ubongo lile somo tunalotaka ulisahau. Wa kulaumiwa ni mimi niliyekupandisha gari siku tano mfululizo, nikitibu asubuhi na barabara ikitibua jioni.

Lakini kosa kubwa ni lile la kumi na sita. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Hakuna mgonjwa anayeyumba sawasawa hivyo siku tatu. Nilipaswa kushtuka, nikaona uvivu kumhoji mwalimu wangu. Mwalimu, ulipokuwa unahesabu ulikuwa unaimba moyoni, kidole gumba cha mguu kikipiga chini. Mwili wako unakutii hata ukiwa unaumwa, ukafuata wimbo. Ulinipa mwendo wa Jubilei, si mwendo wa ugonjwa, na mimi nikakuinamisha kichwa kwa mwendo wa mtu ambaye si wewe.

Unakumbuka darasa la tano ulinitoa kwenye kwaya ya shule? Ulisema, "Konsolata, wewe huna mapigo, kakae na wanaopiga makofi." Nililia hadi nyumbani. Sikuandikii hili kukurudishia. Naandika kwa sababu miaka ishirini yote nimeamini kwamba kwenye mapigo wewe huwezi kukosea, na imani hiyo ndiyo iliyokuharibia tiba.

Tupime upya. Baba Remmy afunge uzi kwenye boriti, uning'inie karibu na bega lako la kulia. Wewe simama umhadithie jambo lolote refu, la kukuudhi ikiwezekana, maana ukiudhika huimbi. Kwa dakika moja, kila bega likigusa uzi, ahamishe punje moja ya maharage kutoka bakuli hili kwenda lile. Wewe usihesabu chochote. Nakuomba.

Konsolata


Ramadhani, Njombe,
24 Aprili 2025

Konsolata,

Barua yako niliichana. Vipande viwili. Nikakaa jikoni nikiwa na hasira mpaka chai ikapoa, kisha nikaiunga kwa gundi ya Remmy ya zamani, nikaisoma tena.

Najua aliyekuandikia. Makambako njia panda, ndiyo, lakini ni mtu mmoja tu duniani anayejua kidole gumba cha mguu wangu kinafanya nini. Nimemsamehe. Amenipikia siku mbili, na anapika vibaya, hiyo imetosha kuwa adhabu kwetu sote.

Nilikudanganya kwa sababu niliona haya. Ungekuwa daktari mgeni ningekuambia, "Tiba yako haifai," nikaenda zangu. Lakini wewe nilikufundisha kushika kalamu. Nilitaka kukupa maksi zote, nikazitoa kwa uongo. Na ile siku ya Matawi, Konsolata, waliponicheka, nilitamani kweli ningekuwa nimelewa. Mlevi kesho anaamka mzima.

Kuhusu darasa la tano nakumbuka. Nakumbuka hata soksi zako, moja nyeupe moja ya bluu. Sikujua kama ulilia.

Uzi tumeufunga. Siku ya kwanza nilimhadithia Baba Remmy kikao cha Mzee Obed mwanzo mpaka mwisho, na punje zikawa kumi na moja. Siku ya pili nikamhadithia upya na kuongeza, zikawa kumi na mbili. Siku ya tatu kumi na moja, ya nne kumi na mbili. Hazilingani, zinakwenda ovyo, aibu tupu kwa mwalimu wa kwaya. Nilipoona mabakuli yale niliogopa. Kumbe kuna mtu mwingine anayumba ndani yangu ambaye hajui wimbo hata mmoja.

Njoo umtoe.

Hulda


Makambako,
28 Aprili 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka Jasmine ameniuliza kama nimeposwa.

Nimeomba likizo ya wiki moja. Nitakuja Jumatatu tarehe 5 Mei, na chandarua mkobani. Safari hii nasafiri mimi, wewe hutoki. Mpaka mwisho wa mwezi usipande gari, pikipiki wala bajaji, hata kwenye msiba nenda kwa miguu au tuma rambirambi. Tutaanza na kumi na moja na nusu kwa dakika. Kila asubuhi tutapima tena kwa uzi na maharage, na mwendo ukibadilika sisi tunabadilika nao. Tiba hii ni kama nguo, tutaishona mwilini mwako, siku kwa siku.

Baba Remmy atazungusha. Mwambie nyumba haitakuwa kimya.

Konsolata


Ramadhani, Njombe,
23 Mei 2025

Konsolata mwanangu,

Uliondoka ukaniambia nisikuandikie mpaka wiki mbili zipite, nisije nikakupa habari mbichi. Zimepita asubuhi hii. Baba Remmy anasema nimekaa na kalamu tangu alfajiri kama mtahiniwa.

Kwanza nakukumbusha wewe mwenyewe ulichokiona, kwa sababu nataka kiandikwe mahali. Jumatatu nilitapika. Jumanne nilikutukana kwa Kibena, ukajifanya hujasikia. Jumatano punje zilishuka kuwa tisa, ukapunguza mwendo, na Baba Remmy akawa anazungusha chandarua huku akilalamika kwamba hata ng'ombe wa kukamua ana mapumziko. Halafu saa nne na kidogo ukaniambia nitoke nisimame. Nikasimama. Nikasubiri ije. Uzi ulikuwa hapo karibu na bega langu, umetulia, na mimi nimetulia. Baba Remmy alishika punje yake hewani, hana pa kuipeleka.

Wewe uligeuka ukutani ukijidai unakunja kitambaa. Nilikuona unafuta macho.

Sasa habari ambayo huijui. Siku ya nne baada ya kuondoka ilirudi, mara tano kwa dakika, hafifu. Zamani ningekwambia vizuri tu. Sasa nakwambia niliogopa vibaya sana. Tukafanya kama ulivyotuachia, Baba Remmy mzungushaji na mpimaji kwa pamoja, dakika nne asubuhi, dakika nne jioni, mwendo wa tano. Siku tatu ikaisha. Leo ni siku ya saba uzi haujaguswa. Nimetembea kwa miguu mpaka sokoni na kurudi, nikabeba viazi kichwani bila kushika. Kichwani, Konsolata, mikono inaning'inia. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umepona?" Nikamwambia, "Niangalie mwenyewe."

Jumamosi nimeingia kwenye mazoezi. Timoth aliniachia nafasi mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Kijana mzuri yule, nilimwonea bure moyoni.

Ila wazee wanasema watasubiri waone Jubilei. Wasubiri. Na wewe uje.

Hulda


Makambako,
25 Mei 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimemsomea Jasmine barua yako kwa sauti, akaniambia mkono wake unadai pongezi.

Wiki hii nimepata mgonjwa mwingine, dereva wa lori, anayumba mbele na nyuma, mara kumi na nane. Jambo la kwanza nililomuuliza ni kama anapenda muziki. Akasema gari lake halina redio. Nikampa uzi na maharage hata hivyo.

Nitakuja Jubilei. Nitakaa nyuma, na wanaopiga makofi.

Konsolata


Ramadhani, Njombe,
29 Julai 2025

Konsolata mwanangu,

Uliwahi Coaster Jumapili jioni kabla hatujaongea, kwa hiyo nakuandikia kile ambacho usingeweza kukiona kutoka pale ulipokuwa.

Sakitu ilianguka asubuhi ile, umande umeganda, majani yote meupe, na Baba Remmy akaniwekea jukwaa alilolichonga kwa mbao za paini, kimo cha goti. Nilimwambia sakafu inatosha. Akasema, "Sakafu kila mtu anasimama." Nilipopanda, kanisa zima likanyamaza, na nilijua wananyamazia nini. Wengine walikuwa wanasubiri nianguke. Mzee Obed alikaa mbele kabisa, mikono magotini.

Niliinua mikono nikasubiri kidogo makusudi. Nilitaka wote waone nimesimama na sijashika kitu. Ndipo nikawaanzishia. Nyimbo saba, Konsolata. Ule wa tano nilifumba macho ubeti mzima. Dunia haikwenda popote.

Baada ya wimbo wa mwisho Mzee Obed akanifuata kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nilisema neno lisilo zuri." Nikamwambia, "Ulilisema mbele ya watu, Mzee wangu. Lifute mbele ya watu." Ulisikia alivyolifuta kwenye kipaza sauti. Lakini hukuona mkono wake mwingine. Ulikuwa umeshika ukingo wa benchi kama mimi nilivyoshika ukuta wako, na hasira yangu ya miezi sita ikaisha pale pale.

Jambo la mwisho. Ulisema utakaa nyuma. Mimi nilipokuita kwa jina uje mstari wa pili, sauti ya pili, ukaja ukiwa umeinama kama unakwenda kuchapwa, na nusu ya kanisa wakauliza yule Mkatoliki ametoka wapi. Nilikusikiliza nyimbo zote saba. Uliwahi mapigo mara tatu, na kwenye wimbo wa nne ulichelewa mstari mzima. Sikio langu lilikuona kila mara.

Sikukutoa.

Kwenye kifurushi hiki kuna kitambaa cha sare ya kwaya, mita tatu, fundi akupime vizuri, asikupe mshono wa mtu mwingine. Baba Remmy ameshaongea na padri wako, naye amesema sawa, mradi Jumapili asubuhi urudi kwake. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Usichelewe.

Mwalimu wako,
Hulda